Kiwambaza cha Matete

Mwezi wa Aprili, mwaka 1957, mto Songwe ulimchukua Tusekile alipokuwa akivuka kwenda kumzalisha mwanamke wa ng'ambo. Walimkuta kesho yake kwenye matete, chini kidogo ya kivuko, mkoba wake wa ukunga ukiwa bado umefungwa mgongoni. Tulimzika nyumbani kwa mumewe, katika milima ya Ileje, mvua ikinyesha.

Msibani nilikaa na wanawake wenzangu. Kaka mkubwa wa Tusekile alisema kwa sauti ya kusikika na wote: "Shule ndiyo iliyomwua. Angefundishwa kwa fimbo kukaa nyumbani, leo angekuwa jikoni anapika." Wengine wakaitikia. Wawili watatu walinigeukia wakanitazama, kwa kuwa mimi ndiye niliyemlea huko shuleni.

Siku ile sikumjibu, maana msiba si mahali pa kushindana. Namjibu hapa. Shule haikumwua. Mto ndio uliomwua. Aliyemwita avuke alikuwa mwanamke mwenye uchungu wa kuzaa, na Tusekile alikwenda kwa sababu alijua kwamba anaweza kumsaidia. Mimi sitaomba radhi kwa kumwacha binti wa watu ajue kwamba anaweza.

Sasa, mwisho wa mwaka huohuo, nimerudisha funguo za bweni. Ninyi mnaozipokea ni vijana, na nimesikia baadhi yenu mmekwisha kuuliza fimbo inawekwa wapi. Ndiyo sababu ya kuandika haya. Elimu yangu ni ndogo, kwa hiyo nitaandika kama ninavyosema.

Nilizaliwa karibu na Tunduma, kwa Wanamwanga, mahali ambapo nusu ya ndugu zetu wako upande wa pili wa mpaka. Mume wangu alikwenda migodini huko upande wa pili, na baada ya muda ikaja habari tu, yeye hakuja. Binti yetu Esta alikuwa amekwisha kutangulia, kabla hajaanza kutambaa. Jina lake lilibaki kwangu. Kila aliyeniita Mama Esta kwa miaka yote hii alimtaja mwanangu bila kujua, nami niliitika.

Nilipoletwa kwenye shule ya misheni kule milimani kuwa mlezi wa bweni la wasichana, nilikuwa sijui Kindali, lugha ya huko, na wasichana wengi walikuwa hawajui Kiswahili. Mlezi aliyekuwa akiondoka alinikabidhi vitu vitatu: funguo, taa ya chemli na fimbo ya mti mgumu, imelainishwa kwa kushikwa. Akaniambia, "Taa huwa inazimika. Hii haizimiki." Alikuwa akinitakia mema, na alicheka mwenyewe.

Fimbo ile niliichomeka bustanini nyuma ya jiko. Maharage ya kutambaa yaliipanda vizuri sana.

Aliyenifundisha kazi hasa ni Bibi Rahel, mpishi wa uji, mwanamke mfupi aliyekuwa na chongo na aliyeona mambo mengi kuliko sisi wenye macho mawili. Alikuwa na utaratibu wake. Msichana mgeni akifika, akilia, akikataa kula, Bibi Rahel hakumbembeleza wala hakumkaripia. Alimwuliza, "Kwenu unafanya kazi gani vizuri?" Yule akisema anajua kuwasha moto, kesho yake alikuwa mwenye moto, na hakuna aliyeruhusiwa kugusa kuni bila yeye. Akisema hajui kitu, Bibi Rahel alimtazama siku mbili tatu, kisha akamwambia, "Muongo wewe. Unajua kusuka." Naye akawa mwenye mikeka.

Nilidhani ni mchezo wa mpishi wa kujipunguzia kazi. Kwa sehemu ulikuwa hivyo, hakuficha. Lakini niliona kwamba msichana mwenye kitu chake cha kutunza alikuwa akiamka bila kuitwa. Basi na mimi nikafanya hivyo bwenini. Kila mmoja alikuwa na kitu: taa, mlango, ndoo za maji, dawa ya funza, wagonjwa, nyimbo za asubuhi. Walipogombana sikutoa hukumu kabla ya kuwasikia wenyewe wakishauriana. Walezi wenzangu wa shule nyingine walisema Mama Esta amewafanya watoto kuwa wazee wa baraza. Naam, niliwafanya.

Msifikiri mambo yalikuwa yananyooka. Tulikuwa na mmoja aliyekuwa akilamba chumvi. Nikampa chumvi aitunze, kwa maarifa yangu. Akailamba yote. Nikampa nyingine, nayo akailamba. Waliomkomesha ni wenzake, ambao walikula maharage yasiyo na chumvi kimya kimya huku wote wakimtazama yeye, mpaka akaweka bakuli chini na kukimbia nje. Baada ya hapo alikuwa mkali wa chumvi kuliko mwenye duka. Lakini ilichukua muda, na mimi nilikula maharage yale pia.

Tusekile alikuja vita kuu ilipokuwa ikielekea kwisha. Kwao ni upande wa Ikinga. Alikuwa mwembamba, ana mwanya, na alikuwa akicheka kabla hujamaliza kusema. Alikuwa amekwisha kuposwa. Ng'ombe wa posa walikuwa wamefika kwa baba yake, na mchumba wake, Lazaro, alikuwa kijana aliyekuwa akijifunza useremala mbali. Baba yake alikubali asome hadi darasa la nne tu, kisha aolewe. Msichana mwenyewe alitaka kusomea ukunga, na hospitali haikupokea msichana ambaye hakulimaliza darasa hilo. Nilimwuliza swali la Bibi Rahel. Akasema, "Mama, mimi najua kukaa na wagonjwa. Siwaogopi." Akawa mwenye wagonjwa.

Alipofika darasa la nne ndipo alipoletwa Mwalimu Ambilikile kutoka shule moja ya Ruanda, upande wa Mbozi. Yeye peke yake alikuwa akifundisha hesabu katika darasa hilo. Alikuwa mtu mrefu, mpole, mwenye kikohozi cha ajabu. Akitaka kupita kona ya jengo, alikohoa. Akikaribia mlango, alikohoa. Akiketi, hakohoi kabisa. Mkuu wa shule, mwanamke wa Kizungu tuliyemwita Bibi Mkubwa, alimhurumia akampa chupa ya dawa ya kifua. Aliinywa yote, maana alikuwa mtu wa adabu. Kikohozi hakikupona.

Tangu siku aliyofika, Tusekile aliacha kuhudhuria hesabu. Alikuwa akijificha nyuma ya jiko, kwenye mahindi, popote. Siku moja aliingizwa darasani kwa nguvu na mwalimu mwingine, na Mwalimu Ambilikile alipokohoa nje ya mlango, msichana akaruka dirishani. Alianguka juu ya mawe akapasuka juu ya jicho la kushoto. Nilimfunga kidonda mwenyewe. Nilimwuliza, "Mwanangu, unakimbia nini?" Akafumba midomo. Nilidhani labda mwalimu amemfanyia jambo baya. Nilimchunguza mwalimu kwa jicho kali. Naye alikuwa ameinamisha kichwa kama mtu aliyefiwa.

Bibi Mkubwa aliniita ofisini. Lazima niseme ukweli juu yake: alikuwa akiwatoa wasichana funza kwa mikono yake mwenyewe, na hakupenda kupiga. Lakini aliamini kwamba msichana mmoja akiruka dirishani leo, kesho watakuwa kumi.

Alinipa fimbo, mpya. "Wewe ni mlezi. Utampiga mbele ya wenzake siku ya Jumatatu. Asipoingia darasani baada ya hapo, atarudi kwao."

Nikaiweka mezani. "Sitampiga, Bibi."

"Hii ni amri, Mama Esta."

"Nimeisikia. Sitampiga."

"Basi mtaondoka wote wawili."

"Sawa. Nitafunga mizigo. Lakini Jumatatu bado haijafika."

"Mpaka Jumatatu," akasema Bibi Mkubwa, akairudisha fimbo kabatini.

Nilitoka pale. Sikuwa na mahali pa kwenda. Kwetu palikuwa na nyumba ya kaka yangu yenye watu wengi na mjane mwingine ndani. Lakini kuliko kumfundisha yule msichana kwamba hofu yake ina jibu moja tu, na jibu hilo ni mti, ni heri nilale kwa kaka yangu nyuma ya mlango.

Jumamosi mchana tulikuwa tumeketi uani tunapukuchua mahindi. Nikawaambia wasichana wazi wazi jambo lililopo: Jumatatu Tusekile atafukuzwa, na mimi pamoja naye. Nikasema, "Mimi sijui anachokikimbia. Ninyi mnajua. Nisaidieni."

Wakatazamana. Hatimaye Sekela, rafiki yake, msichana mnene mwenye mdomo usiofungwa na breki, akasema, "Mama, huyu si mtoro. Huyu ana mkwe."

"Mkwe yupi?"

"Yule anayekohoa!"

Wote wakaangua kicheko, isipokuwa Tusekile, aliyejifunika uso kwa kitambaa.

Hapo ndipo nilipoelewa. Mwalimu Ambilikile alikuwa baba yake Lazaro, yule mchumba. Kwetu Unamwanga mkamwana humpa mkwe heshima, hupita kando. Kwa Wandali ni zaidi: tangu ng'ombe wa posa wafike, msichana asimwone baba wa mumewe, wala asionwe naye. Akimsikia njiani, aingie porini. Na mzee mwenye adabu hukohoa mapema, ili mkamwana apate nafasi ya kujificha.

"Kwa nini hukuniambia?" nilimwuliza.

"Ningemtaja vipi, Mama?" akasema ndani ya kitambaa. "Na Bibi Mkubwa angesema ni ushenzi."

"Wewe unataka nini?"

Sijui kama kuna mtu alikuwa amewahi kumwuliza hivyo. Akafunua jicho moja, lile lenye bandeji juu yake. "Nataka hesabu," akasema. "Na nataka nisimvunjie heshima. Vyote viwili."

Basi baraza langu likaanza kazi. Mmoja akasema asome akiwa nje ya dirisha. Mwingine akamjibu, mvua je? Mmoja akasema afunike kichwa na gunia. "Wewe ndiye uvae gunia," Sekela akamwambia, "tupumzike na uso wako." Wakabishana kama kusikia sauti ya mkwe ni kosa. Wakakubaliana kwamba sauti si kosa, kwa sababu nyumbani mkwe huongea nje na mkamwana husikia akiwa ndani. Kosa ni macho. Na kosa ni kujibizana naye uso kwa uso.

Tusekile mwenyewe ndiye aliyesema: "Nyumbani kuna ukuta. Ningekuwa na ukuta darasani, ningekaa."

"Ukuta tu?" Sekela akauliza. "Matete yako mtoni bure. Na kujibu nitakujibia mimi. Niazime akili yako, nikuazime mdomo wangu."

Jumapili baada ya ibada nilimwendea Mwalimu Ambilikile. Nilimweleza. Alikaa juu ya jiwe, akashika magoti yake.

"Mama Esta," akasema, "nilijua yupo. Jina lake nililiona siku ya kwanza. Nikaomba nihamishwe, nikaambiwa ni lazima nitoe sababu. Ningetoa sababu gani ofisini pale? Basi nikakohoa tu. Nimekohoa mpaka kifua kimeanza kuuma kweli."

"Na dawa?"

"Chungu sana ile dawa."

Nilimwuliza kama atakubali ukuta wa matete. Alifikiri. Akasema watu wa kwao watamcheka, na wasomi wenzake watamcheka zaidi. Halafu akasema, "Lakini mtoto asome."

Mchana ule tulishuka mtoni wote, tukakata matete. Tusekile alichagua yaliyonyooka. Wale wenye mikeka ndio waliosuka. Jua lilipotua, katika kona ya nyuma ya darasa la nne palikuwa na kiwambaza kirefu kuliko mtu, na nyuma yake kiti kimoja kilichowekwa karibu na dirisha la pembeni. Tusekile aingie kabla ya mwalimu, na atoke baada yake. Sekela akae mwishoni mwa benchi, mahali ambapo kibao cha kuandikia kinaweza kupita.

Jumatatu Bibi Mkubwa aliingia darasani.

"Hiki ni nini?"

"Kiwambaza, Bibi."

"Cha nini?"

"Cha kusomea."

Nikamweleza, naye uso ukawa mwekundu. "Miaka yote nawafundisha hawa kuacha kujificha, na wewe unajenga maficho ndani ya darasa langu!"

"Bibi, Ijumaa alikuwa kwenye mahindi. Leo yuko darasani."

Mwalimu Ambilikile alikohoa mlangoni, kwa mazoea, akaingia. Alikuwa na jasho. Akaandika hesabu ya kugawanya ubaoni, akaisoma kwa sauti ili kona isikie. Kukawa na mkwaruzo wa kalamu ya kibao nyuma ya matete. Kibao kikapita. Sekela akasimama, akakitazama, akasoma jibu kwa sauti kubwa kana kwamba amelitoa kichwani mwake.

"Ni sawa," akasema Mwalimu. Kisha akaongeza, akiutazama ukuta wa mbele, "Mwambie aliyefanya kwamba ni sawa sana."

Bibi Mkubwa alisimama pale mpaka kipindi kikaisha. Alipotoka aliniambia, "Mpaka likizo tu. Kisha kiondolewe." Likizo ikaja ikapita. Hakulisema tena jambo hilo, nami sikumkumbusha.

Nilitukanwa na pande zote. Wasomi walisema ninarudisha watoto nyuma. Wazee walisema ninafanya mchezo na heshima, kwamba kati ya mkwe na mkamwana matete si ukuta. Vijana wa shule ya wavulana waliliita darasa letu banda la kuku, wakawa wakipita wanawika. Sekela aliwatokea dirishani akawaambia, "Ingieni basi mtage hesabu!" Hawakuwika tena.

Mimi sikuwajibu wasomi wala wazee. Nilichokuwa nacho ni msichana aliyekaa kitini kila siku ya hesabu. Waliotaka avunje mila, na waliotaka aache shule, wote walikuwa wakisema lilelile: chagua, ujikate nusu. Yeye alikuwa amekataa kujikata. Kazi yangu ilikuwa kumshikia mlango.

Alimaliza darasa la nne. Sekela naye alimaliza, na hakuna aliyeshangaa kuliko Sekela. Alikuwa amesoma majibu ya mwenzake kwa sauti mpaka akaanza kuyajua kabla kibao hakijafika. Mwalimu Ambilikile ndiye aliyekwenda kwa baba yake Tusekile kusema kwamba nyumba ya mume itasubiri, kwa kuwa yeye, mwenye mkamwana, anataka asomee ukunga kwanza. Baba akakubali. Lazaro alisubiri, akachonga vitanda.

Kiwambaza kilibaki darasani, kikarekebishwa mara kwa mara. Hakuna mwingine aliyekaa nyuma yake kwa ajili ya mkwe. Lakini wasichana walikuwa wakienda kukaa pale walipofiwa, au walipokuwa na aibu za mwili unaobadilika, kisha wakitoka wenyewe. Sikuwahi kumtoa mtu.

Tusekile alipokuwa mkunga alikuwa akipita shuleni kila alipoweza. Aliketi na wasichana wakubwa uani, akawaeleza juu ya hedhi, mimba, na namna ya kumkataa mwanamume, kwa maneno ya wazi ambayo mimi nisingethubutu. Walimwuliza kila kitu. Alicheka kabla hawajamaliza kuuliza, kisha akajibu kwa makini. Baadhi ya wazazi walilalamika. Nilipeleka malalamiko yao nilikopeleka fimbo.

Hiyo ndiyo kazi niliyoifanya. Watakaowaambia kwamba ulikuwa ulegevu, waambieni waje wakae bwenini msimu mmoja wa mvua. Kumpiga mtoto humalizika upesi. Kumwuliza, halafu kukaa umsikilize, huchukua siku nzima, na mahindi bado hayajapukuchuliwa.

Na sasa narudi msibani, maana sikumaliza.

Jeneza lilipotolewa, Mwalimu Ambilikile hakuonekana. Alikuwa amezeeka, macho yake hafifu. Alikaa nyuma ya ghala la mahindi, amelipa kaburi mgongo, kama ilivyompasa, kwa kuwa mkamwana wake alikuwa akipita. Hata katika miaka ya ndoa hawakuwahi kuonana. Mwalimu alijengewa nyumba yake ng'ambo ya migomba, naye alikuwa akikohoa njiani. Chakula alichopika Tusekile aliletewa na watoto.

Watu walipotawanyika, na udongo umekwisha kushindiliwa, alikuja akiwa ameshika fimbo yake ya kutembelea. Tulisalimiana. Akasimama kando yangu chini ya ukingo wa paa, maji yakitudondokea.

"Mama Esta," akasema, "nikuulize jambo. Hawa wa nyumbani siwezi kuwauliza."

"Niulize, Mwalimu."

"Alikuwa na sura gani?"

Nikamwambia alikuwa mwembamba, mweusi wa kung'aa, ana shingo ndefu. Nikamwambia alikuwa na mwanya, na kwamba kicheko kilikuwa kinamtangulia. Nikamwambia alikuwa na kovu dogo juu ya jicho la kushoto.

"Kovu la nini?"

"La dirishani. Siku ile alipokukimbia."

Mzee alicheka, sauti ikamkatika katikati. Akajifuta uso kwa kiganja. Kisha akaniaga, akashuka polepole kuelekea migombani, mahali kaburi lilipo. Mvua ilikuwa imepungua.

Alipofika kwenye kona ya nyumba, kabla kaburi halijaonekana, alisimama akakohoa. Akangoja kidogo. Ndipo akapita.